Korongo Nyuma ya Shule

Kundi la WhatsApp la kijiji linasubiri niombe radhi. Litasubiri sana.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, mtu wa Tanga niliyeletwa kufundisha huku Kagerankanda, na tangu nifike nimewasahihisha watu ngeli mpaka msibani. Juzi jioni nikaona ndege weupe wenye miguu mirefu wametua kwenye shamba la nyuma ya shule. Walikuwa korongo, wale wanaokimbia baridi ya Ulaya kila mwaka. Kwa furaha nikaandika kwenye kundi: "Kuna korongo nyuma ya shule. Njooni kesho asubuhi mjionee."

Sentensi ile ni safi. Naitetea hata leo.

Asubuhi kijiji kizima kikaja na majembe, sururu na viroba vya mchanga. Mvua za mwaka jana zilichimba korongo lililomeza choo cha shule, na sasa watu walikuja kuziba jingine.

"Mwalimu, korongo liko wapi?" akauliza Mama Neema, mwenyekiti wetu wa kijiji, jembe begani.

Nikacheka mbele ya watu wote. "Si *liko*, Mwenyekiti. *Wako!* Korongo ni ndege, na ndege ana uhai."

Mama Neema akashusha jembe. Akalitazama shamba kutoka upande huu hadi ule. Kwa kishindo tulichokuja nacho, hapakuwa na hata unyoya.

"Haya, Mwalimu," akasema taratibu. "*Wako* wapi?"