Ekaristi Barazani kwa Tupokigwe

Mumewe alipofariki, wazee wa ukoo walimkabidhi Tupokigwe kwa Ambindwile, mdogo wa marehemu, ambaye alikuwa na mke tayari. "Ukitaka kuondoka, ondoka," walimwambia. "Watoto na shamba ni vya ukoo." Akabaki.

Tangu hapo hakukomunika tena, maana kanisa halimpi komunyo mke wa pili. Wanawake wenzake wakitoka kwenye benchi kwenda mbele, yeye alikunja magoti kuwapisha. Ambindwile hakuwa mtu mbaya, ila kila kitu kilipitia mikononi mwake. Chama cha ushirika cha wakulima kilikuwa kimedhoofika, wanunuzi binafsi wa kahawa walikuja na magari yao hadi mlangoni, nao walitaka kuzungumza na mwanamume wa nyumba.

Mwaka 1995, Jumapili ya Mwili na Damu ya Kristo, maandamano ya Ekaristi yalikuwa njiani kutoka kijiji cha Ibighi mvua iliposhuka ghafla. Paroko, mikononi akiwa na monstransi, chombo cha kuonyeshea Ekaristi, alikimbilia baraza iliyokuwa karibu. Ilikuwa ya Tupokigwe. Alitoa meza, akatandika kitambaa cheupe, na paroko akaiweka Ekaristi juu yake. Waumini walipiga magoti uani, kwenye tope. Yeye alipiga magoti kizingitini.

"Baba," alisema kwa sauti ya chini, "leo amekuja kwangu. Mimi kwenda kwake ndiyo siwezi."

Paroko alizijua habari zake. "Ndiyo maana ya sikukuu hii, mama. Tunamtoa kanisani apite kwenye nyumba za watu, zilivyo."

"Na mimi nilivyo?"

"Siwezi kukukomunisha ukiwa mke wa Ambindwile. Kumwabudu hakuna anayekuzuia."

"Basi nimtazame tu."

"Kwa sasa, ndiyo."

Mvua ilipokatika waliondoka wakiimba. Jioni Tupokigwe alimwambia Ambindwile kwamba anataka kuishi na wanawe katika nyumba ileile, bila kuwa mke wake.

Ambindwile alimsikiliza hadi mwisho. "Mimi ningekubali, mama Bupe. Lakini wazee watasema hutaki ukoo, watakutoa humu. Nitawazuiaje?"

Tupokigwe alijua ni kweli.

Kwa majuma kadhaa Ambindwile alilala kwa mke mkubwa. Kisha usiku mmoja akabisha hodi. Tupokigwe alisimama nyuma ya mlango kwa muda, akisikiliza watoto wanavyopumua usingizini, halafu akamfungulia. Asubuhi alimpa uji, akachukua kikapu, akaenda kuchuma kahawa.