Zizi la Mdhamini

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, Dodoma kiliingia kila kitu isipokuwa hela ya kukinunulia. Ndipo Yoramu, bwana mifugo wa kata, alipopata nafasi Uingereza kusomea shahada ya pili ya uchumi wa ufugaji. Serikali ikampa pongezi na likizo bila malipo. Ada, ikasema, atajua mwenyewe.

Hakutetereka. Chuo kilipouliza nani atamlipia, alijibu kifua mbele: baba yangu, mfugaji, zizi limejaa. Chuo kikaridhika, kikataka nusu ya ada kabla ya Septemba. Yoramu akaridhika zaidi. Alinunua mitumbani koti la baridi, zito kama godoro, akawa analivaa ofisini mchana wa jua kali ili mwili ulizoee. Wenzake wakamwita Profesa. Hakuwakataza.

Jumamosi akatua kijijini Ihumwa kwa baba yake, mzee Luka, yeye na dalali wa mnadani.

"Shikamoo, baba. Tumekuja kuuza ng'ombe."

"Marahaba. Ng'ombe wa nani?"

"Baba nawe! Si hawa?"

Mzee akanyoosha fimbo. "Yule mweusi wa shangazi yako Tereza. Wale wa jirani yetu Seth, mimi nakunywa maziwa tu, ndama ni wake. Dume lile la wakwe zako..." Akaendelea hivyo mpaka dalali akatafuta kigogo, akakaa.

"Sasa wa kwetu wako wapi?"

"Wako kwa watu. Ukame ukipiga huku, wa kule wanapona. Bwana mifugo mzima hujui?"

Bwana mifugo mzima hakujua. Kila mwaka, kwenye ripoti ya kata, aliliandika zizi zima kwa jina la baba yake, tena kwa wino mwekundu.

"Basi tukawachukue."

"Nenda wewe. Mimi sina uso wa kumwambia mtu arudishe."

Uso Yoramu alikuwa nao. Akashika njia ya Hombolo, koti begani, hadi kwa Restuta, mjane aliyetunza ng'ombe wao mmoja. Kabla hajafungua mdomo akawekewa kibuyu cha maziwa ya mgando. Akanywa, akaongezwa, akanywa tena.

"Baba yako alituletea huyu mwaka wa njaa," Restuta alisema. "Wanangu wote unaowaona ndiye aliyewakuza. Umekuja kumtazama?"

Yoramu akafuta masharubu. Uso wote aliokuja nao ulikuwa umezama kibuyuni.

"Nimekuja kumchanja, mama."

"Na koti hilo?"

"La kazi."

Ikabidi arudi kesho yake na sindano, dawa kainunua mwenyewe. Kwa wengine waliotunza ng'ombe wao hakwenda kabisa. Aliogopa kumaliza mshahara kwa chanjo. Septemba ikaja, ikapita, Uingereza ikabaki palepale ilipokuwa.

Mpaka leo akipita Hombolo kuchanja, Restuta humpigia kelele toka mlangoni:

"Profesa! Koti liko wapi?"

"Liko kwa watu, mama. Ndiyo ufugaji wenyewe."