Bunduki Aliyoiita Moraa

Siku ambayo babu yako alikataa kumpa mama yako jina naikumbuka vizuri, mjukuu wangu, kwa sababu kuanzia siku hiyo nilianza kuiogopa nyumba yangu mwenyewe. Nilikuwa na umri kama huu wako wa sasa. Tulikaa huku huku Gesima, shamba la mwisho la majani chai kabla hujashuka bondeni kuelekea mpaka wetu na kabila jingine, na babu yako Mogaka alikuwa polisi wa akiba. Hao hawakuwa askari wa mshahara kama wewe. Walikuwa wanakijiji waliopewa bunduki na serikali ili walinde watu na ng'ombe, kwa maana wakati ule wizi wa mifugo ulikuwa umetuchosha.

Wanaume hao walizipa bunduki zao majina. Mmoja aliiita yake Bibi Mdogo, na mkewe alikasirika kweli, sisi wengine tukacheka. Mwingine aliiita Kimya. Babu yako aliiita yake Moraa, na hapo hakuna aliyecheka.

Moraa alikuwa dada yake, aliyezaliwa baada yake tu. Wezi walipovamia boma lao, msichana huyo alitoka mbio kuwafungulia ndama, akapigwa mshale ubavuni. Alikata roho kabla hawajafika naye hospitali. Mimi sikuwa nimeolewa bado, lakini niliikuta huzuni ile ndani ya nyumba kama mtu wa tatu. Mogaka alipokabidhiwa bunduki, alichana kipande cha leso ya dada yake akakifunga kwenye kitako. Kila asubuhi aliifuta na kuipaka mafuta huku akizungumza nayo polepole. Mwanzoni nilijiambia kwamba mtu aliyefiwa huzungumza na chochote. Kisha nikaanza kusikia anachosema. Alikuwa akiiambia ivumilie, siku yake itafika.

Mama yako akazaliwa. Mama mkwe wangu, Bosibori, alikuja na uji wa wimbi, akamkalisha mtoto mapajani, akamtazama usoni kwa muda mrefu. Unajua desturi yetu, mtoto hupewa jina la mtu wetu aliyetangulia. Mama huyo alikuwa amengoja mjukuu wa kike tangu amzike binti yake.

"Huyu ni Moraa," akasema.

Mogaka alikuwa ameketi mlangoni, bunduki magotini. Hakugeuka. "Jina hilo lina mwenyewe, mama. Tafuta lingine."

Mama mkwe alidhani ni uchungu unaomsemesha. Akanirudishia mtoto, akaenda zake. Basi mama yako akakaa bila jina. Tulimwita mtoto tu. Wanawake wenzangu waliponiuliza anaitwa nani, niliinama nikachuma majani chai kwa haraka kuliko kawaida.

Siku moja asubuhi ng'ombe wa jirani akapotea. Jua lilipokuwa kichwani nikasikia kelele upande wa bondeni. Nikashuka na mtoto mgongoni, nikakuta wanaume wamemzunguka mgeni, mwanamume mzima mwenye ndevu, ameketi chini kati ya mistari ya michai, shati limechanika, mdomo unavuja damu. Alikuwa mtu wa ng'ambo ya mpaka, walikotoka wezi waliomuua Moraa.

"Mimi natafuta ndama yangu tu," alikuwa akisema kwa Kiswahili. "Imepotea tangu jana. Natafuta tu."

Wote walikuwa wakimtazama Mogaka. Yeye alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwa yule mtu, mtutu umeelekezwa kifuani mwake, na uso wake ulikuwa umetulia sana. Utulivu ule ndio ulionitisha. Nikamsikia anasema, "Moraa amengoja vya kutosha."

Sikumwita. Nilijua hanisikii. Nilikimbia kwa mama mkwe, nikamkuta anaanika mahindi, nikamweleza yote palepale, kwamba bunduki ile ina jina, na jina ni la nani, na mwanawe anataka kufanya nini sasa hivi. Alinyoosha mikono akamchukua mtoto mgongoni kwangu, akajifunga naye leso, akaanza kushuka. Mwanangu, mama yule alikuwa na magoti mabovu, kwenda kanisani alikuwa akipumzika njiani. Siku ile nilikuwa nyuma yake na sikumfikia.

Wanaume walimpisha. Alipita katikati yao, akasimama kati ya mwanawe na yule mgeni, na mtutu sasa ukamtazama yeye. Mtoto wangu alikuwa mgongoni kwake. Nilitaka kumrukia nimnyang'anye, lakini niliogopa kwamba nikisogea tu, kidole cha Mogaka kitasogea pia.

"Ondoka, mama," Mogaka akasema. "Si mimi. Ni Moraa anayetaka."

"Moraa hakuwahi kuchinja hata kuku," mama mkwe akamwambia. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama anayezungumza naye jikoni. "Nilipomtuma achinje, alimpeleka kuku kwa jirani achinjiwe, akakaa nyuma ya nyumba mpaka yaishe. Wewe unajua. Ulikuwa ukimcheka."

Akaielekezea bunduki kidole.

"Hicho ulichoshika ni chuma cha serikali. Hakitaki lolote. Anayetaka ni wewe. Basi sema nikusikie. Sema, mimi Mogaka, mwana wa Bosibori, nataka kumuua mtu huyu. Ukishasema hivyo kwa jina lako, nitaondoka."

Babu yako alifungua mdomo. Nilimwona. Akaufunga, akaufungua tena. Yule mgeni nyuma ya mama mkwe alikuwa akiomba kwa lugha yake, kimya kimya. Mtoto akaanza kulia. Tulisimama hivyo, sijui kwa muda gani, mikono yangu ikiwa imeshika matawi ya mchai mpaka yakanikata.

Hakuweza kusema. Mtutu ulishuka kidogo kidogo mpaka ukagusa udongo. Mama mkwe alisogea, akakifungua kile kipande cha leso kwenye kitako, fundo lilikuwa gumu na alitumia meno, akakitia kifuani. Kisha akamgeukia mgeni akamwambia ainuke aende kwa chifu, na akatembea naye mwenyewe ili asiguswe njiani.

Jioni hiyo ng'ombe wa jirani alipatikana kwenye shamba la majani ya nepia, kamba imenasa kwenye kisiki.

Mogaka alirudisha bunduki kituoni wiki hiyo hiyo. Usidhani alishangiliwa. Watu walimwita mwoga hadharani, pale tunapopimia majani chai, na wengine waliacha kumsalimu. Alivumilia. Mama yako akapewa jina lile, Moraa. Baada ya miaka mingi, tukiwa tunapalilia, babu yako aliniambia jambo ambalo sijamwambia mtu mpaka leo. Alisema, "Ningempiga yule mtu. Na usiku ningelala vizuri, kwa sababu ningesema si mimi, ni yeye."

Mwanangu, juzi ulikuja likizo na sare yako mpya, ukanionyesha picha kwenye simu, umeikumbatia bunduki yako. Ukaniita nyanya kwa lugha yetu, ukasema, "Magokoro, huyu ndiye beste yangu, anaitwa Shiro." Ukacheka, na mimi nikakumiminia chai. Najua wenzako wote wamezipa zao majina, na kambini siku ni ndefu, mtu hutafuta cha kumchekesha. Sikukasirika. Lakini sikulala vizuri.

Iite bunduki. Isafishe, itunze, ifungie, na uirudishe ukiambiwa uirudishe. Usiipe jina la msichana, wala la rafiki, wala la mtu wetu yeyote, kwa sababu kitu chenye jina huanza kubebeshwa makosa ya mwenye kukishika. Na ikitokea siku, Mungu apishe mbali, umesimama na mtutu mbele ya mtu, kabla hujafanya lolote taja jina lako kamili moyoni na useme unachotaka kufanya. Ukishindwa kulisema, shusha mkono. Watakaokucheka waache wacheke.

Mungu atangulie mbele yako kila unakotumwa. Akupe macho ya kumwona mtu hata akiwa na damu usoni, akupe wakubwa wenye busara, na akurudishe kwa mama yako ukiwa mzima, mikono safi, usingizi wako ukiwa wako.