Nenda Kapike

Naombeni mnisute hapahapa, maana nyumbani kwangu hakuna anayetaka kunisemesha.

Leo tulikuwa na mkutano wa kitongoji, huku Mloka. Mvua ikatuingiza madrasa, wanaume mbele, wanawake nyuma ya pazia.

Mimi ndiye mwenyekiti. Nikajitia uungwana: "Mwenye la kusema aseme!"

Sauti ya mwanamke ikatoka nyuma ya pazia: "Mwenyekiti, tembo wakiingia shambani tunakupigia, simu umezima. Unalala tu?"

Watu wakaangua kicheko. Hasira zikanipanda.

"We mama, kama huna la maana, nenda kapike!"

Kicheko kikakatika.

Pazia likasogea, akatoka mama mkwe wangu. Wallahi, kwa ile mvua ilivyopiga bati, sikuitambua sauti yake.

Kajitanda kanga, macho chini. "Nimekusikia, baba," akasema taratibu, akaondoka na mvua ileile.

Na simu kweli huwa naizima.

Magharibi hii mke wangu kaniwekea sahani, kaifunika kawa. Wali wa nazi na samaki.

"Mama kasema ulimtuma akapike. Kapika."

Wali unapoa hapa mbele yangu.

Jamani, nyie mngekula?