Minyoo ya Makopo ya Bibi

Juzi mke wa kijana wangu alinipigia simu kutoka Binza. Maua yake ya kwenye vyungu yananyauka, na alipochimbua udongo akakuta minyoo myeupe. "Baba, ninunue dawa gani?" Nikamwambia akate kiazi kitamu. Akacheka, nadhani aliona uzee umenizidi.

Lakini ndivyo alivyofanya bibi yangu pale Bariadi, miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa sabuni za kunukia. Alikuwa amepanga makopo ya mafuta ya kupikia kando ya ukuta, yote yana maua ya kupeleka kanisani sikukuu. Jioni alikata vipande vya kiazi kibichi na kuvilaza juu ya udongo. Alfajiri, kabla ya kukoka moto wa uji, alivigeuza kimoja kimoja, akakuta minyoo imejazana chini yake, akawakung'utia kuku. Nakumbuka harufu ya udongo uliolowa, kuku wakigombana, naye akiimba taratibu kwa Kisukuma. Sijaona mtu mwingine mwenye subira kama ile.

Mimi nilikuwa kidato cha pili na nikijiona msomi. Likizo moja bibi alikwenda msibani Migato, akaniachia kazi hiyo. Siku ya kwanza nilikata viazi. Siku ya pili nikaona uvivu, nikachukua dawa ya kuulia wadudu wa pamba iliyobaki kwenye chupa ya soda, nikaimimina kopo kwa kopo. Minyoo ikapanda juu yenyewe, ikijikunja. Nikajisifu. Kuku nao wakaiwahi. Kufika adhuhuri, tetea mkubwa alikuwa chali.

Mama jirani akachungulia uani. "Kideri hicho," akasema. "Usimtupe, wewe. Au huko shuleni mnafundishwa kutupa nyama?"

Nikajibu, ndiyo, ni kideri. Akamchukua. Ng'ambo ya ua wa minyaa nilimsikia akimnyonyoa, wanawe wakigombea firigisi, kisha moshi ukapanda. Nilijua kilichokuwa ndani ya ile sufuria. Sikuvuka kwenda kumwambia, kwa kuogopa aibu.

Bibi alirudi sufuria ikiwa bado motoni. Alimkosa tetea wake, akaniuliza alipo, nikanyoosha kidole kwa jirani. Akainama, akanusa kopo moja, akanitazama mara moja tu. Kisha akavuka ua karibu akikimbia, kitenge cha msibani bado kiunoni.

"Epua, mwanangu, mwaga. Makopo niliyatia dawa mimi kabla ya kuondoka, nikasahau kumwambia mjukuu."

"Mayu, mama yangu, si ungeniulia watoto?"

"Ningewaua, kweli. Nisamehe."

Jirani hakukanyaga kwetu kwa miezi mingi, na watoto wake walikatazwa kula chochote kutoka kwenye mkono wa bibi. Bibi mwenyewe hakunigombeza. Aliufukia udongo ule shimoni, akachota mwingine, akaanza upya kukata viazi.

Leo pale ukutani pana fremu za maduka. Bibi alishafariki, na mama jirani pia. Mtoto wake mmoja, sasa ana mvi kama mimi, hukutana nami sokoni, na mbele za watu hunitania kuwa bibi yangu nusura awamalize kwa usahaulifu wake. Nami hucheka pamoja naye.