Kodi Iliyoahirishwa na Ng'ombe wa Babu

Nafundisha hesabu za biashara sekondari hapa Kibondo, na vichwa vigumu vingi nimeviweza. Kichwa cha baba yangu kilinishinda.

Alipostaafu ukarani, alitia kiinua mgongo chake kwenye hisa za kampuni moja yenye viwanda. Gawio la kila mwaka ndilo lililokuwa likimlipia mdogo wangu wa kike ada ya chuo cha uuguzi kule Kasulu. Zaidi ya hapo tulikuwa na shamba la maharage Kitahana, na maharage yetu yanatosha kula tu.

Jioni moja Data, ndivyo tunavyomwita baba kwa Kiha, aliniita tusome taarifa ya hesabu ya kampuni kwenye simu yangu. Faida nzuri, gawio zuri. Kisha akaona mwenyewe, upande wa madeni: dhima ya kodi iliyoahirishwa, mabilioni.

"Hili nani anadai?"

"Serikali, Data. Lakini si leo."

Nikamweleza taratibu. Kampuni ikinunua mtambo, sheria ya kodi inairuhusu kukata uchakavu wake kwenye faida haraka miaka ya mwanzo, wakati kwenye vitabu vyake inaukata polepole. Kwa hiyo sasa inalipa kodi ndogo kuliko faida inayoonyesha, na tofauti hiyo itailipa miaka ya mbele. Haijachelewesha malipo yoyote ambayo siku yake imefika. Ikinunua mitambo mingine, siku ya kulipa inazidi kusogezwa mbele.

"Lakini siku ipo?"

"Ipo."

"Basi huyo ni ng'ombe wa ubugabire."

Hapo nikajua nimekwisha. Babu aligabiwa ng'ombe na tajiri mmoja wa Mabamba, kwa desturi ya zamani: unamfuga, maziwa unakunywa, ndama utarudisha baadaye. Babu alikunywa maziwa, akafa. Matanga hayajaanuliwa, wana wa tajiri wakaja wakaswaga zizi zima. Baba akaacha shule mwaka huohuo.

"Kukopa harusi, kulipa matanga," akasema.

"Data, mwenye hisa hadaiwi kodi ya kampuni! Ikianguka, unapoteza hisa tu. Hakuna atakayekuja hapa."

"Babu yako naye alisema hawatakuja."

Nilikasirika, nikafoka. Nilimchorea mitambo uani kwa kijiti, mwaka kwa mwaka. Aliitazama kwa adabu, kama mtu anayemsubiri mgeni aage.

Wiki iliyofuata alipanda basi hadi Kasulu akauza hisa zote bila kutuambia, bei ikiwa imelala. Alirudi na mkate na sukari, anaimba pambio la kanisani. Sijapata kumwona na furaha ile tangu mama afariki, na nilimchukia kwa furaha hiyo.

Pesa zikaishia hospitali, kwenye figo zake. Mwaka huu kampuni imetoa gawio tena. Ile dhima imekua, maana wamenunua mitambo mipya, na hakuna mwenye hisa aliyebishiwa hodi. Sikumwambia. Ingemsaidia nini?

Mdogo wangu ameacha chuo, yuko nyumbani. Juzi baba alimshika mkono pale kitandani.

"Mwanangu, mimi nikifa, hakuna atakayekuja kuwadai."

"Asante, Data," akajibu, akachukua jembe akaenda kupalilia.