Taa Tano za Kijani

Kwa miaka tisa Jerusa Adongo alisimama kwenye njia panda mjini Kericho na bendera mbili, akiyapisha mabasi ya wachuma chai. Madereva walimjua. Mmoja wao, Kipkirui, hakuwahi kupita bila kuteremsha kioo na kumwuliza kama amekunywa chai.

Kisha yakaja mataa ya barabarani. Kila basi lilifungwa kifaa kidogo kinachotuma habari kila sekunde: liko wapi, lina mwendo gani, limebeba watu wangapi. Kama limejaa na limechelewa, taa yenyewe inabaki kijani mpaka lipite. Jerusa alifundishwa kompyuta, akapewa chumba ghorofani aangalie skrini, peke yake. Mabasi yakawa vidoti. Mumewe alishafariki na kuzikwa kwao kando ya ziwa, na watoto walipiga simu Jumapili tu. Siku nyingine jioni ilimkuta hajasema neno na mtu.

Alasiri moja ya mvua kubwa, kidoti cha basi la Kipkirui kilisimama mahali pasipo na steji. Dakika moja, tatu, nne. Akampigia. Aliyeshika simu ni kondakta wake, Nelvine.

"Mama, Kipkirui ameanguka kwa usukani. Anashika kifua, hawezi kuongea."

"Kuna mtu mwingine wa kuendesha?"

"Kuna Johana, dereva wa trekta ya kiwanda."

"Mwambie akalie kiti, aende hospitali moja kwa moja. Asiogope mataa, nitamfungulia."

Mtambo ulijua njia ya basi tu, na hospitali haikuwa kwenye njia hiyo. Basi lilipokata kona, ukaacha kulihesabu. Jerusa akazibadilisha taa za kuelekea huko kwa mkono, kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine, akisimamisha malori ya majani chai pande zote. Taa tano zote zikawa kijani. Kidoti kikaingia kwenye geti la hospitali, kikatulia. Aliinuka, akaangalia huku na huku. Hakukuwa na wa kumwambia.

Kipkirui alipona, lakini daktari alimkataza kuendesha tena. Baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi, Jerusa alienda kumwona kwake Mogogosiek, na mkate na sukari mkononi. Mke wa Kipkirui, Fancy, alimkaribisha sebuleni.

"Amelala. Dawa zinamchosha. Wewe ni nani yake?"

Jerusa alimpa mkate na sukari. "Tulikuwa tunafanya kazi barabara moja."

"Nimwamshe?"

"Hapana, mwache apumzike."

Alikunywa chai akimsikia Kipkirui akikoroma nyuma ya pazia. Habari ya mataa hakuitaja. Waliongea juu ya ng'ombe wa Fancy aliyezaa juzi, na mvua iliyokataa kuisha. Saa kumi akaaga.

"Siku ingine kuja asubuhi," Fancy alisema. "Asubuhi huwa yuko macho."

Akamsindikiza mpaka barabarani, wakasimama chini ya mwavuli mmoja mpaka gari likaja.